McAdam na Lami Aliyoiacha Tanurini

Wanafunzi wengi wamelisikia jina la John Loudon McAdam, bingwa wa barabara za kokoto. Wachache wajua kwamba aliwahi kushughulika na lami ya makaa ya mawe, ilhali hakuitia katika mtindo wake wa barabara.

Mskoti huyu alizaliwa mjini Ayr mwaka 1756. Baada ya kufiwa na babake, alipelekwa New York kwa ami yake mwaka 1770, akatajirika kwa biashara. Alirejea kwao mwaka 1783, akajiunga na shughuli za tanuri za Lord Dundonald huko Muirkirk. Humo makaa ya mawe yalichomwa kwa hewa haba, na mvuke wake ukapozwa ukawa lami ya kupaka merikebu, mbao zisitobolewe na wadudu wa baharini. Lakini jeshi la wanamaji lilikwisha kugeukia mabati ya shaba, na soko likadorora.

Sifa yake ilitokana na barabara. Mwaka 1816 alikabidhiwa barabara za Bristol. Alishikilia kwamba adui wa barabara ni maji: udongo ukikauka hubeba mzigo wowote. Kwa hiyo aliinua tuta, akachimba mitaro, akatandaza kokoto zisizozidi inchi 2, zishindiliwe na magurudumu yenyewe. Alifariki Moffat mwaka 1836.

Motokaa zilipokuja, kokoto zile zilitimua vumbi. Mwaka 1902 Edgar Purnell Hooley alipata hataza ya kuchanganya lami na mavi ya chuma. Lami ilikuwa mabaki ya viwanda vya gesi ya makaa ya mawe. Mavi ya chuma yalirundikana kando ya tanuri. Taka mbili zikawa barabara, nayo ikaitwa tamaki, jina lililounga lami na McAdam.

Hata hivyo, tusishangilie kila taka. Lami ya makaa ya mawe imedhihirika kuwa na kemikali za kuleta saratani, ndiposa barabara za leo, zikiwemo zetu, hutumia lami ya mafuta ya petroli. Jivu la mitambo ya umeme wa makaa ya mawe nalo hutumiwa katika misingi ya barabara katika nchi kadhaa, lakini lahitaji kupimwa kwanza, lisije likachafua maji.

Walimu, somo la kemia na somo la ujenzi yasifundishwe kama majirani wasiosalimiana. Lami na kokoto zilipita katika mikono ya mtu mmoja, nayo hataza ya Hooley ikaja miaka 66 baada ya kifo chake.