Wallace Clement Sabine

Wallace Clement Sabine (Richwood, Ohio, 13 Juni 1868 – 10 Januari 1919) alikuwa mwanafizikia wa Marekani. Anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa akustika ya majengo, yaani elimu ya jinsi sauti inavyosikika ndani ya ukumbi au chumba.

Maisha

Alihitimu Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 1886 akiwa na umri wa miaka 18 tu. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Harvard, ambako alisoma na kufundisha fizikia. Mwaka 1900 alimwoa Jane Downes Kelly, aliyekuwa daktari. Walipata mabinti wawili.

Utafiti

Mwaka 1895 Harvard ilifungua jumba la makumbusho la Fogg. Ukumbi wake wa mihadhara ulikuwa na kasoro kubwa: neno moja lilivuma kwa sekunde 5 na zaidi, likachanganyika na maneno yaliyofuata, na wanafunzi hawakumwelewa mwalimu. Rais wa chuo, Charles William Eliot, alimwagiza Sabine atafute dawa. Wakati huo wasanifu walijenga kumbi kwa kubahatisha au kwa kuiga kumbi za zamani.

Sabine alifanya kazi usiku wa manane, mji ulipotulia. Vifaa vyake vilikuwa bomba la kinanda, saa ya kupimia muda na masikio yake. Yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa Sanders, wakaipanga ndani ya Fogg, wakapima muda wa mvumo, kisha wakairudisha kabla ya asubuhi. Alipogundua kwamba hata nguo alizovaa zilibadilisha matokeo, alitupa vipimo vingi akaanza upya.

Mwaka 1898 alipata kanuni aliyoitafuta: muda wa mvumo huongezeka kadiri chumba kinavyokuwa kikubwa, na hupungua kadiri vitu vilivyomo vinavyofyonza sauti. Kwa vipimo vya mita, huandikwa hivi:

T = 0.161 × V ÷ A

T ni muda, kwa sekunde, ambao sauti huchukua kufifia hadi sehemu moja ya milioni ya nguvu yake. V ni ujazo wa chumba. A ni jumla ya ufyonzaji wa sauti. Kwa mfano, chumba cha mita 5 kwa 4 kwa 3 kina ujazo wa mita za ujazo 60. Kikiwa na ufyonzaji wa mita za mraba 10, mvumo hudumu karibu sekunde 1. Zulia, mapazia mazito na viti vya kitambaa vikiufikisha ufyonzaji 20, muda hupungua hadi karibu nusu sekunde, na maneno husikika vizuri zaidi.

Symphony Hall

Kanuni hiyo ilitumika mara moja katika usanifu wa Symphony Hall mjini Boston, uliofunguliwa tarehe 15 Oktoba 1900. Ndio ukumbi wa kwanza wa muziki uliosanifiwa kwa hesabu za kisayansi za sauti. Mwanzoni baadhi ya wahakiki hawakuridhika nao, lakini leo unahesabiwa kati ya kumbi bora duniani.

Kifo na urithi

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alifanya kazi Ulaya na Marekani kwa ajili ya jeshi la anga, huku afya yake ikidhoofika. Alifariki akiwa na umri wa miaka 50. Maabara ya Riverbank huko Illinois, iliyojengwa kwa ajili ya utafiti wake, hakuwahi kuitumia ipasavyo. Iliendelezwa na ndugu yake Paul Sabine. Makala zake zilikusanywa katika kitabu mwaka 1922.

Kipimo cha ufyonzaji wa sauti kinaitwa sabin kwa heshima yake. Kanuni yake bado ni hatua ya kwanza kwa wanaotengeneza madarasa, studio na vyumba vya sinema vya nyumbani. Hata spika za bei kubwa haziwezi kusikika vizuri katika chumba chenye kuta tupu zinazorudisha kila sauti.