MUBARAK BIN LONDON

Miongoni mwa watu waliosifika kwa kutembea ulimwenguni ni Mwingereza Wilfred Thesiger, ambaye Mabedui wa Arabuni walimwita Mubarak bin London. Hakuwa wa dini yetu, lakini hekima humfaa Muislamu popote aipatapo, nasi twaona kuwa maisha yake yana mafundisho kwetu sisi watu wa pwani.

Alizaliwa Addis Ababa mwaka 1910, babake akiwa mjumbe wa serikali ya Uingereza huko Uhabeshi. Alipokuwa na umri wa miaka 23 aliufuata mto Awash katika nchi kali ya Wadanakil mpaka akajua maji yake yaishia wapi. Kisha akatumika Sudan, akapigana vita, na baada ya vita akaenda Arabuni. Huko, baina ya mwaka 1946 na 1948, alilivuka jangwa la Rub' al-Khali mara mbili pamoja na Mabedui wa kabila la Rashid. Alivaa kama wao, akatembea miguu mitupu, akavumilia njaa na kiu walizozivumilia wao.

Mwaka 1960 alikuja Kenya. Zama hizo Isiolo ilikuwa mlango wa nchi ya kaskazini na makao ya utawala wake. Nchi iliyokuwa mbele ilikuwa imefungwa, na mgeni hakupita ila kwa kibali. Thesiger aliiingia nchi hiyo kwa miguu, na ngamia wa mizigo, akafika Ziwa Rudolf, ambalo leo laitwa Turkana. Safari ya kwanza alifuatana na rafiki yake mmoja Mwingereza. Baadaye alipenda zaidi kuwa Mzungu peke yake baina ya wenyeji. Miaka mingi alikaa Maralal, pamoja na Wasamburu na Waturkana, mpaka uzee ulipomrudisha kwao. Alifariki Uingereza mwaka 2003, naye ana miaka 93.

Kwa nini mtu aliyeweza kupanda gari akachagua miguu? Mwenye gari huipita nchi. Mwenye miguu hana budi kukaa nayo. Hufika kisimani na kiu ile ile ya mwenyeji, humngoja aliyemtangulia anyweshe wanyama wake, hutoa salamu na kuuliza khabari za mvua na malisho. Kwa njia hiyo mgeni huyu aliwajua watu ambao hata majirani zao hawakuwajua.

Lakini si kila alilolipenda lafaa kufuatwa. Alichukia magari, na hakupendezwa na skuli kwa wafugaji, kwa kuwa aliona zawaondoa katika ubora wao wa asili. Alipowarudia rafiki zake wa Arabuni mwaka 1977, akawakuta wana magari na nyumba, alisikitika. Hapa twahitilafiana naye. Yeye aliichagua taabu, naye alikuwa na njia ya kuiacha. Mtoto wa kisimani hakuichagua. Kumpenda mtu si kumtakia abaki bila elimu ili sisi tufurahi kumtazama.

Sasa na tujiulize sisi. Isiolo wako ndugu zetu: Wasomali, wana wa askari waliopewa makazi huko baada ya Vita Kuu vya kwanza, na Waborana wa Waso. Twaswali kuelekea kibla kimoja. Je, ni wangapi kati yetu wajuao hata visima vyao? Kwa miaka mingi lami ilikomea Isiolo, tukatoa udhuru kuwa njia ni mbaya. Leo lami yafika Moyale, na udhuru umekwisha. Lakini basi lapita mbio, na abiria amelala.

Hatumwambii kila mtu atembee nyika nzima. Twasema ateremke njiani, atoe salamu, akae siku mbili tatu, asikilize. Na akirudi, awe na khabari za ndugu zake alizozipata kwao wenyewe.

Wabillahi tawfiq.