Rebmann: Kijana aliyepita Taita kwa miguu akaacha kazi wamalizie wengine

Ukipanda matatu ya Taveta pale Voi alfajiri na mbingu ni safi, usilale. Ukishapita Mwatate na Bura, barabara ikianza kunyooka kuelekea Maktau, tazama mbele. Ule weupe unaoelea juu ya mawingu ni kilele cha Kilimanjaro. Wewe umelipa nauli, umekaa dirishani, simu ina chaji. Mwaka 1848 kijana wa miaka 28 alipita nyika hizi hizi kwa miguu akitokea Rabai, na alichokiona tarehe 11 Mei mwaka huo kilimpa jina Ulaya nzima, kisha kikafanya wasomi wa huko wamcheke.

Jina lake Johannes Rebmann. Huenda ulilikariri shuleni pamoja na la Krapf kwa ajili ya mtihani, halafu likapotea. Wengi wanamkumbuka kwa mlima tu. Mimi naona mlima ndio sehemu ndogo ya hadithi yake. Kubwa ni jinsi mtu alivyotumia miaka 29 kuandaa vitu ambavyo karibu vyote vilikamilika yeye akiwa kaburini.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, kijiji karibu na Stuttgart, Ujerumani. Alisomea umisionari Basel, Uswisi, kisha akaenda Uingereza kwenye chuo cha shirika la Church Missionary Society kule Islington, London. Juni 1846 akashuka Mombasa. Huko alimkuta Johann Ludwig Krapf, Mjerumani mwenzake aliyekuwa amefika miaka miwili mapema na kuzika mke na mtoto mchanga mwaka huo huo wa 1844. Hebu fikiria mapokezi hayo: una miaka 26, umefika kazini, na mwenyeji wako tayari ana makaburi mawili hapo. Mwezi Agosti wakahamia Rabai, wote wawili wakiwa wanatetemeka kwa homa.

Oktoba 1847 Rebmann akafunga safari yake ya kwanza ya bara, hadi Kasigau. Ule mlima unaouona upande wa kusini ukiwa Maungu ndio huo. Wakati huo Voi haikuwa mji. Reli ilikuja nusu karne baadaye. Kulikuwa na njia za misafara, maji ya kubahatisha, na vijiji vya Wataita vilivyojengwa juu milimani kwa usalama.

Aprili 1848 akatoka tena, safari hii kuelekea Uchagani, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia hizo vizuri. Wapagazi walikuwa wachache, hata kumi hawakufika. Yeye mwenyewe alijulikana zaidi kwa mwavuli wake kuliko silaha yoyote. Wakapita Taita, wakapita Bura, na asubuhi ya tarehe 11 Mei akaona kitu cheupe juu ya mlima. Alipomuuliza kiongozi wake, jibu alilopata ni kwamba ile ni baridi. Yeye akaelewa kuwa ni theluji.

Hapa nisimame kidogo. Vitabu vinasema Rebmann aligundua Kilimanjaro. Bwana Kheri alikuwa ameshauona. Wataita waliamka wakiutazama. Wachaga waliishi juu yake, na ndio waliomweleza Rebmann baadaye kwamba kile kitu kinachong'aa kama fedha kikiletwa chini kinageuka maji matupu. Alichofanya Rebmann ni kuandika. Ni tofauti kubwa, na tutairudia.

Siku hiyo hiyo, katika usomaji wake wa kila siku, alikuwa amefikia Zaburi ya 111. Ukiisoma leo utaona inazungumzia matendo makuu ya Mungu, na katikati yake kuna neno urithi. Alisoma zaburi hiyo akiutazama mlima, na ikamgusa sana. Nadhani aliamini kwamba urithi huo ungekuwa Uchaga yenyewe, makanisa yakipanda hadi kwenye theluji, na yeye ndiye angeyaanzisha.

Haikuwa hivyo.

Mwezi Mei huo alipokelewa vizuri Kilema na Mangi Masaki. Mwishoni mwa mwaka akarudi na kufika Machame kwa Mangi Mamkinga. Kisha Aprili 1849 akatoka kwa safari ya tatu, na hiyo ndiyo aliyoiandaa kuliko zote: wapagazi kama 30, mizigo ya nguo na shanga, mpango wa kuvuka Uchaga hadi Unyamwezi. Unakumbuka mfano wa Yesu katika Luka 14, kuhusu mtu anayetaka kujenga mnara na anaketi kwanza kuhesabu gharama? Rebmann aliketi, akahesabu. Na bado Mamkinga alimdai zawadi siku baada ya siku mpaka mizigo ikaisha, safari ya Unyamwezi ikafia hapo. Rebmann alilia. Akarudi Rabai mwezi Juni, mgonjwa na mikono mitupu, asirudi Uchagani tena.

Sehemu hii huwa hatuambiwi kwenye semina za vijana. Tunaambiwa jiandae na utafaulu. Umesoma, umepata cheti, umetuma barua za kazi kutoka Voi hadi Mombasa, umeweka akiba ya kuanza duka la simu, halafu jambo moja usilolimudu linafuta yote. Kosa si lako kila mara. Safari iliyoandaliwa vizuri kuliko zote ndiyo iliyomshinda, na ile ya wapagazi wachache na mwavuli ndiyo iliyobaki kwenye historia.

Hata hiyo nayo ilimletea matusi. Habari ya theluji karibu na ikweta ilipochapishwa London mwaka 1849, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley aliikataa kwa dharau. Kwake, huyu mmisionari alikuwa ameona ndoto. Cooley hakuwahi kukanyaga Afrika. Angekuwa hai leo angekuwa bingwa wa kutoa maoni mtandaoni. Ubishi uliendelea zaidi ya miaka kumi, mpaka Baron Carl Claus von der Decken alipokwenda Kilimanjaro mwaka 1861, akarudi 1862 na kuikuta theluji mwenyewe. Rebmann katika miaka yote hiyo alikuwa Rabai, akifanya nini? Akiandika maneno.

Krapf alipoondoka mwaka 1853, Rebmann alibaki. Wawili hawa walikuwa na tabia tofauti kabisa. Krapf aliota mlolongo wa vituo vya misheni kutoka pwani hadi ng'ambo ya bara. Rebmann alishuka taratibu mahali pamoja na kuchimba. Aliketi na wenyeji wa Rabai akikusanya maneno ya Kimijikenda. Alikusanya ya Kiswahili. Kisha akampata Salimini, mtu aliyetekwa utumwani kutoka pande za Ziwa Nyasa na kufikishwa pwani, na kwa msaada wake akaanza kamusi ya lugha ambayo leo tunaiita Kichewa, lugha ya nchi ambayo Rebmann hakuwahi kuiona. Kama umewahi kujaribu kazi hii unajua ilivyo: unauliza neno, unaandika, unauliza tena kwa njia nyingine, unagundua ulielewa vibaya, unafuta. Miaka. Hakuna anayekupigia makofi. Na tusisahau kwamba bila kumbukumbu ya Salimini, mtu aliyenyang'anywa nchi yake, kusingekuwa na ukurasa hata mmoja.

Katika Mambo ya Nyakati ya Kwanza, sura ya 22, kuna Daudi wa uzeeni. Alitamani kujenga hekalu, akaambiwa hapana, mwanao ndiye atakayejenga. Wengi wetu tukiambiwa hivyo tungesusa. Daudi alianza kukusanya. Mawe ya kuchongwa, mierezi, shaba isiyopimika, dhahabu, hata chuma cha misumari ya milango. Mimi misumari hiyo ndiyo inayonipendeza. Mtu anajua hataiona siku ya uzinduzi, jina litakuwa la Sulemani, na bado anafikiria bawaba.

Rebmann alikuwa na misumari yake, ingawa sidhani alijua nani angejenga. Pamoja na mwenzake Jakob Erhardt, wakitumia masimulizi ya wafanyabiashara wa misafara, walitoa ramani ya bara iliyochapishwa miaka ya 1855 na 1856. Ilikuwa na kosa kubwa: ziwa moja la kutisha, limelala kama konokono asiye na gamba, mahali ambapo kweli kuna maziwa makubwa matatu. Lakini kosa hilo ndilo lililowafanya wakubwa wa London wataka kujua. Burton na Speke walipokuja Afrika Mashariki walipita Rabai kumwona Rebmann mwaka 1857, na mwaka uliofuata Speke akalifikia lile ziwa kubwa la Nyanza. Njia waliyoifungua ilipitiwa baadaye na watu wenye bendera na bunduki, na Taita ilionja hayo mapema. Kwa hiyo sikwambii umshangilie kwa kila kitu. Unachoandaa leo kinaweza kutumiwa na watu usiowachagua. Hilo nalo ni la kufikiria unapoacha kitu nyuma.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa magumu. Mwaka 1851 alimwoa Emma huko Misri. Mtoto wao alikufa mchanga. Emma mwenyewe akafa Rabai mwaka 1866, baada ya miaka 15 ya kufanya kazi pamoja naye. Waongofu walibaki wachache sana, na wakubwa wake Uingereza walishachoka kusubiri matokeo. Halafu macho yakaanza kuzimika.

Hapa nina ugomvi naye. Hakurudi kwao hata mara moja kwa karibu miaka 30, hata kwa matibabu. Hakufundisha watu wa kutosha wa kushika kazi. Wageni waliokuja miaka ya 1870 walimkuta karibu kipofu, misheni imebaki kundi dogo. Mtu anaweza kuipenda kazi mpaka akaikalia. Unamjua fundi wa pikipiki anayemficha mwanagenzi siri ya injini ili yeye abaki wa kutafutwa? Unamjua baba aliyefariki na siri ya shamba, hakuna karatasi, na sasa watoto wanaonana kortini Voi? Ndio ugonjwa huo.

Lakini kwenye maneno alikuwa tofauti. Katika ule mfano wa wanawali kumi, Mathayo 25, watano wenye busara walibeba mafuta ya akiba kabla giza halijaingia. Rebmann alipopoteza macho, maneno yalikuwa tayari kwenye karatasi. Na kulikuwa na kijana mmoja, Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja aliyekuwa miongoni mwa waumini wa kwanza. Mwaka 1875 Nyondo alimshika mkono mzee huyo kipofu, wakapanda meli pamoja mpaka Ulaya. Baada ya miaka 29, anayemwongoza njiani ni mtoto wa Rabai.

Alifika Korntal, Ujerumani, alikokuwa akiishi Krapf. Marafiki waliokuwa wametengana kwa miaka mingi wakawa majirani. Rebmann alifariki tarehe 4 Oktoba 1876, akiwa na miaka 56.

Sasa angalia tarehe hizi. Kamusi ya lugha ya Salimini ilichapishwa 1877, Krapf ndiye aliyeihariri. Kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf, ambayo ndani yake kuna jasho la Rebmann pia, ilitoka 1882, na Krapf mwenyewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Ya Kimijikenda ikatoka 1887. Hakuna hata moja kati ya hizo aliyoishika Rebmann ikiwa kitabu. Kule Kilimanjaro, upande wa kusini, kuna barafu iliyopewa jina lake. Barafu hiyo inayeyuka, imebaki kipande. Maneno bado yapo.

Ukikaa Voi, kitu cha aina hiyo unacho karibu. Kisagalla kinazungumzwa hapo juu mlimani, unaona taa zake usiku. Kidawida kiko Wundanyi, Mgange, Mwatate, mpaka mtaani kwako Kaloleni au Sofia. Wangapi kati yetu tunajua kusalimia tu, halafu tunarukia Kiswahili na Sheng? Nyanya yako anajua majina ya miti, ya mvua, ya sehemu za nyumba ya zamani ambayo hata mama yako hayajui. Wewe una simu yenye kinasa sauti, kitu ambacho Rebmann angekilipia kwa mizigo yote 30 aliyonyang'anywa Machame. Nusu saa ya Jumapili baada ya chakula inatosha kuanza. Na wakati uko naye, muulize pia mpaka wa shamba unapita wapi, na uuandike.

Mwaka 1883, miaka saba baada ya Rebmann kufa, mmisionari wa shirika lile lile aitwaye Wray alipanda Sagalla akaanza kuishi huko. Alikuta njaa kali, akalaumiwa kwa mvua kukataa, lakini lugha aliisoma. Mwaka 1894 akachapisha London kitabu kidogo cha kujifunzia lugha ya Wataita.