Maisha ya Profesa Steinmetz

Tarehe 9 Aprili 1865 alizaliwa mtoto mwanamume katika mji wa Breslau, ambao wakati ule ulikuwa wa Wajerumani, na leo ni mji wa Poland. Jina lake Karl Steinmetz. Alikuwa na kibiongo, na hata alipokuwa mtu mzima kimo chake kilikuwa kama futi nne tu. Kilema hicho alikirithi kwa baba yake na babu yake.

Mwaka wa 1883 aliingia Chuo Kikuu cha Breslau kusoma hesabu. Alikuwa karibu kabisa kupata udaktari, lakini alikuwa amejiunga na Wasoshalisti, ambao serikali iliwachukia, tena akaandika katika gazeti lao. Polisi walipoanza kumfuatia, akakimbilia Uswisi mwaka wa 1888, na shahada yake akaiacha nyuma.

Mwaka uliofuata akavuka bahari pamoja na rafiki yake mpaka New York. Maofisa walipoliona umbo lake wakataka kumrudisha, kwa kuwa walidhani hataweza kujilisha. Rafiki yake akamtetea hata wakamwachia. Basi, Marekani nusura impoteze mtu huyu kwa ajili ya mgongo wake!

Akapata kazi katika kiwanda cha Bwana Eickemeyer. Sasa, uko umeme uendao upande mmoja tu, kama maji ya mto Kiwira yashukavyo. Na uko umeme uendao na kurudi ndani ya waya mara nyingi katika kila sekunde. Huu wa pili ndio uliofaa kupelekwa mbali, lakini kuukadiria kulikuwa taabu kubwa. Mashine zilipata moto, wala mafundi hawakujua kiasi chake mpaka zimekwisha undwa. Mwaka wa 1892 Steinmetz alionyesha kanuni ya kupima nguvu ipoteayo katika chuma. Mwaka wa 1893, kwa kutumia kipeuo cha pili cha hasi moja, namba ambayo wengi huiona kama mchezo, akaigeuza hesabu ngumu ya mizunguko ya umeme huo ikawa aljebra. Njia hiyo hufundishwa mpaka leo. Mwanzoni wahandisi wengi hawakuielewa, naye akawaandikia vitabu.

Kampuni ya General Electric ikamchukua, akahamia Schenectady. Mwaka wa 1902 chuo cha mji huo, Union College, kikamfanya profesa wa uhandisi wa umeme. Hivyo yeye aliyekosa shahada akawafundisha wazitafutao.

Hakuoa, kwa kuogopa kuwarithisha watoto kilema chake. Lakini alimfanya msaidizi wake, Joseph Hayden, kuwa mwanawe. Hayden na mkewe wakakaa nyumbani kwake, na watoto wao watatu wakawa wajukuu zake.

Kila mtoto wa Ibighi aijua radi ya mlima Rungwe wakati wa masika. Mwaka wa 1922 Steinmetz alitengeneza radi yake mwenyewe ndani ya nyumba, yenye volti zaidi ya 100,000, ikapasua gogo vipande vipande. Alitaka kujua jinsi ya kuzilinda nyaya za umeme.

Mwaka wa 1923 alisafiri na jamaa yake mpaka pwani ya magharibi ya Marekani, akarudi amechoka. Akafa nyumbani kwake tarehe 26 Oktoba, akazikwa Schenectady.