Susanna Wesley, mama aliyefanya nyumba kuwa kalasi

Wametodisti wa Kabambare na Kasongo wanajua jina la John Wesley. Mama yake hatumusemi sana, na ni yeye tunamutaka leo.

Susanna alizaliwa London 1669, mutoto wa mwisho kati ya 25 wa pasteri mumoja. Aliolewa na pasteri Samuel Wesley, wakakaa Epworth, inchi ya mashamba. Alizaa 19, karibu nusu wakakufa wangali wadogo. Falanga hazikutosha: 1705 bwana alifungwa boloko ya Lincoln sababu ya madeni.

Hata vile, alifundisha batoto yeye mwenyewe, saa sita kila siku, asubuhi tatu na muchana tatu. Mutoto akimaliza miaka 5, kesho yake alipewa alfabeti, kisha Mwanzo, mustari wa kwanza, neno kwa neno. Baba naye aliongeza Kilatini na Kigiriki. Binti hakupewa sindano mbele ya kujua kusoma vizuri. Hapa ndipo tunamupendea sana, maana kwetu falanga za masomo zikipunguka, binti ndiye anatolewa wa kwanza, anatumwa kuosha muchanga wa zahabu.

1709 moto ulikula nyumba, batoto wakatawanyika kwa watu, adabu ikaharibika. Nyumba iliposimama tena, mama akaanza upya.

1739 John alienda kuhubiri kwa wachimbaji wa makaa kule Kingswood, watu waliozarauliwa, na shule ikajengwa kwa batoto wao. Susanna alikuwa angali muzima. Alikufa 1742.