Gamper: Aliyeinusuru Barcelona kutoka kwa ukata, kisha ukata ukamwandama

KLABU nyingi za kandanda huzaliwa kwa shangwe na kufa kimyakimya pesa zinapoisha. Barcelona ya Uhispania ilikaribia kuwa mojawapo mnamo 1908, na huenda jina lake lingesalia tu katika kurasa za magazeti makuukuu kama si juhudi za mhasibu mmoja mzawa wa Uswisi.

Mhasibu huyo alikuwa Joan Gamper. Alizaliwa Novemba 22, 1877 mjini Winterthur na akapewa jina Hans. Mamake alifariki yeye angali mdogo, na familia ikahamia Zurich. Huko alikua mwanamichezo wa kila fani, na mnamo 1896 alikuwa miongoni mwa waasisi wa klabu ya FC Zurich.

Alifika Barcelona mnamo 1898 kumtembelea jamaa yake, akiwa safarini kuelekea Afrika kwa shughuli za biashara. Mji huo wa bandari ulimteka moyo, na safari ya Afrika ikafia hapo. Alijifunza Kikatalani, akaligeuza jina lake kuwa Joan na kujipatia riziki kwa kazi ya uhasibu.

Oktoba 22, 1899 alichapisha tangazo katika jarida la Los Deportes akiwatafuta vijana waliotaka kucheza kandanda. Mnamo Novemba 29 mwaka huo, Waswisi, Waingereza na Wakatalani wachache walikutana katika ukumbi wa mazoezi wa Solé na kuunda klabu. Gamper alikuwa na umri wa miaka 22 tu, hivyo urais ulimwendea Walter Wild naye akawa nahodha. Hadi alipostaafu uchezaji mnamo 1903, alikuwa amecheka na nyavu zaidi ya mara 100.

Wanachama 38

Enzi hizo klabu hazikuwa na fedha za televisheni wala wadhamini. Zilitegemea ada za wanachama, na kila mwanachama aliyejiondoa aliondoka na sehemu ya riziki ya klabu. Baada ya kutwaa ubingwa wa Catalonia mnamo 1905, Barcelona iliandamwa na ukame wa mataji. Ushindi ulipokoma, wanachama walianza kutoroka, nao uhaba wa fedha ukazidi kuipunguzia klabu uwezo wa kushinda.

Kufikia Desemba 1908 wanachama waliosalia walikuwa 38 pekee. Desemba 2 kiliitishwa kikao ambacho wengi walidhani kingekuwa cha mazishi. Gamper alikataa klabu isivunjwe na akajitwika urais.

Hakuwa na hazina ya siri. Alichofanya ni kuzunguka mjini akiwarai waliojitoa warejee na wapya wajiunge. Aidha, kama mhasibu, alifahamu kwamba timu isiyo na uwanja wake haiwezi kutegemea viingilio vya mashabiki. Machi 14, 1909 Barcelona ilifungua uwanja wake wa kwanza katika barabara ya Industria, uliotosha watu 6,000.

Uwanja huo ulijaa hadi mashabiki wakawa wanaketi juu ya ukuta, migongo na makalio yakitazama barabarani. Kutokana na kioja hicho, wafuasi wa Barcelona wakabandikwa jina 'culers', linalotokana na neno la Kikatalani la makalio, na wanaitwa hivyo hadi leo.

Mataji nayo yakarejea. Barcelona ilitwaa ubingwa wa Catalonia mnamo 1909, 1910 na 1911, na Kombe la Mfalme mnamo 1910, 1912 na 1913.

Gharama ya ufanisi

Gamper alishika urais kwa vipindi vitano kati ya 1908 na 1925. Mnamo Mei 1922 klabu ilifungua uwanja wa Les Corts, uliotosha takriban watu 20,000. Wafuasi wenyewe waliikopesha klabu fedha za kuujenga.

Lakini ufanisi nao una gharama zake. Nyota kama vile Paulino Alcántara, Josep Samitier na kipa Ricardo Zamora walivutia maelfu viwanjani, ilhali kisheria walikuwa wachezaji wa ridhaa. Inasimuliwa kwamba Samitier alipojiunga na Barcelona mnamo 1919, alituzwa saa na suti. Uhispania iliruhusu rasmi kandanda ya kulipwa mnamo 1926, na tangu hapo mishahara ikawa mzigo usiowatoka marais wa klabu.

Wakati huo Gamper hakuwapo tena usukani. Juni 14, 1925 mashabiki katika uwanja wa Les Corts waliupigia mbinja wimbo wa kifalme wa Uhispania uliochezwa na bendi ya Uingereza. Serikali ya kidikteta ya Jenerali Miguel Primo de Rivera iliufunga uwanja huo, naye Gamper akalazimishwa kujiuzulu na kuondoka nchini. Baadaye aliruhusiwa kurejea kwa sharti kwamba asijihusishe na klabu aliyoiasisi.

Hivyo Barcelona iliposhinda ligi ya kwanza ya Uhispania mnamo 1929, mwasisi wake alikuwa mtazamaji tu. Mwaka uo huo soko la hisa la New York liliporomoka na kumeza mali yake. Akisongwa na hasara, matatizo ya kibinafsi na msongo wa mawazo, alijitoa uhai Julai 30, 1930 akiwa na umri wa miaka 52. Alizikwa katika makaburi ya Montjuïc, na umati mkubwa ukajitokeza kumsindikiza.

Tangu 1966, Barcelona huandaa kila mwaka kipute cha Kombe la Joan Gamper kabla ya msimu kuanza. Sheria ya 1990 ilizilazimu klabu nyingi za kulipwa Uhispania kugeuzwa kampuni, lakini Barcelona ni miongoni mwa nne zilizoruhusiwa kusalia mikononi mwa wanachama, pamoja na Real Madrid, Athletic Bilbao na Osasuna.

Hata hivyo, umiliki huo haukuikinga na madeni. Mnamo Agosti 2021 Barcelona ilishindwa kumsajili upya Lionel Messi, na Rais Joan Laporta akatangaza deni la Yuro bilioni 1.35. Klabu iliyokaribia kufa kwa kukosa ada za wanachama ilikuwa sasa inazama ikiwa na mapato makubwa kuliko takriban klabu zote duniani.

Mnamo 1908 Barcelona ilihitaji mtu wa kutafuta fedha. Kilichokosekana miaka 113 baadaye ni mhasibu wa kuwaambia wakuu wake kwamba matumizi yamepita mapato.