Seyyid Said na urafiki wa mashaka na Waingereza

Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliwahitaji Waingereza dhidi ya Mawahabi waliotishia milki yake Arabuni. Nao walitaka Muscat, iliyo kwenye njia ya India, isiangukie mikononi mwa Wafaransa.

Gharama ya urafiki huo ilikuwa biashara ya watumwa, iliyomletea mapato. Mwaka wa 1822 alikubali kupiga marufuku kuwauzia Wakristo watumwa. Miaka miwili baadaye, Kapteni Owen, mwanamaji wa Uingereza, aliiweka Mombasa chini ya ulinzi wa nchi yake kwa ombi la akina Mazrui, mahasimu wakubwa wa Said. Huyo ndiye mshirika! Said alilalamika, London ikakataa kuidhinisha hatua hiyo, na mwaka wa 1826 Waingereza wakaondoka. Hata hivyo, Mombasa haikumwangukia Said hadi 1837.

Mwaka wa 1845 alitia saini, shingo upande, mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kutoka Afrika hadi Arabuni.

Alifia baharini mwaka wa 1856, akirejea Zanzibar kutoka Oman. Wanawe walipozozania urithi, mwamuzi alikuwa Mwingereza: mwaka wa 1861 Lord Canning, mtawala wa India, aliigawanya milki hiyo mara mbili.